Gari bei chee, kadi hakuna: soma hii kabla hujatoa hela

Tangazo huwa linakuja hivi: "Corolla 110, namba A, injini haijaguswa, AC inapiga, 2.8M maongezi yapo. Kadi imepotea ila mkataba wa wakili upo." Chini kuna picha nne, namba ya WhatsApp, na watu kibao wanaouliza "iko wapi boss?"

Kwa mtu anayetafuta gari lake la kwanza, au anayetaka kuanza kazi ya teksi mtandao, hiyo ni dili. Gari kama hilo likiwa na kadi, tuseme lingeuzwa milioni 4. Hapo umeokoa milioni 1.2 bila jasho.

Tatizo liko kwenye yale maneno matatu ya katikati: "kadi imepotea ila". Watu wanayasoma haraka kama vile kilichopotea ni spea tairi. Hebu tuone unanunua nini hasa ukinunua gari kuukuu lisilo na kadi hapa Tanzania, na ufanye nini kama bado unalitaka.

KADI NI NINI HASA?

Kadi ya gari ni hati ya usajili inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Ndani yake kuna namba ya usajili, aina ya gari, mwaka lilipotengenezwa, rangi, namba ya chasisi, namba ya injini na jina la mmiliki.

Kadi ndiyo inayoliunganisha gari na jina la mtu. Bila hiyo una vyuma, viti na matairi, lakini huna cha kumwonyesha trafiki, kampuni ya bima, benki au mnunuzi wa kesho kwamba hivyo vyuma ni vyako.

Na ili gari lihamie kwenye jina lako, TRA wanataka kuona kadi halisi (siyo kopi, siyo picha ya simu), mkataba wa mauziano, vitambulisho na TIN. Hakuna kadi, hakuna kuhamisha umiliki. Utaendesha gari lako miaka mitano, na kwenye mfumo bado litakuwa la mtu mwingine.

"IMEPOTEA" INAWEZA KUWA NA MAANA TANO

Muuzaji akisema kadi imepotea, inawezekana anasema kweli. Watu wanahama nyumba, mvua inaingia, mkoba unaibwa. Lakini neno hilohilo hutumika kufunika mambo mengine manne.

1. Imepotea kweli. Hii ndiyo rahisi kuliko zote, na inatibika. Tutaiona mbele.

2. Iko kwa mkopeshaji. Mikopo ya dhamana ya kadi ya gari iko kila kona ya mji. Mtu anaacha kadi, anachukua hela, anabaki na gari anatembelea. Marejesho yakimshinda, anaona bora aliuze gari fasta kabla hawajaja kulichukua. Wewe unakabidhiwa funguo, deni linabaki kwenye gari. Siku mkopeshaji akija na dalali wa mahakama, hawatakuja kwa muuzaji. Watakuja gari lilipo, yaani kwako.

3. Mwenye gari alifariki. Gari za zamani nyingi zina hadithi hii. Mzee ameondoka, gari limekaa uani, mtoto mmoja anaamua kuliuza. Mtoto anaweza kuwa mtu mzuri tu, lakini kisheria mali ya marehemu inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Siyo mtoto mkubwa, siyo mjomba, siyo kikao cha ukoo. Na kama ndugu wengine hawakukubaliana, mara nyingi kadi anayo mmoja wao, ameikalia. Ukinunua hapo umejiingiza kwenye ugomvi wa familia usiyoijua.

4. Gari halikulipiwa ushuru. Dar es Salaam ni bandari ya nchi nyingi. Kila siku zinashuka gari za kwenda Zambia, Congo, Malawi na kwingine, zikiwa na namba za IT, kwa maana zinapita tu. Kuna zinazogeuziwa njiani na kuuzwa humu humu. Kuna pia gari zilizoingia kwa msamaha wa kodi, za mradi wa wafadhili au za ubalozi, ambazo zikiuzwa kwa mtu asiye na msamaha kodi inatakiwa ilipwe kwanza. Na kule mipakani, Namanga, Holili au Sirari, unaweza kuuziwa gari lenye usajili wa Kenya kwa bei ya kutupa. Kwa Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kukutwa na mali ambayo haijalipiwa ushuru ni kosa, na mali yenyewe inaweza kutaifishwa.

5. Limeibwa. Mwizi anaiba gari na funguo. Kadi ilikuwa kabatini kwa mwenyewe.

Ukiwa umesimama pembeni ya gari linalong'aa, hakuna dalili inayokuonyesha uko kwenye namba moja au namba tano. Maneno ya muuzaji ni yaleyale.

"LAKINI MKATABA WA WAKILI UPO"

Hapa ndipo wengi wanapoingizwa mjini. Mkataba una muhuri, una sahihi, una picha za pasipoti, na labda umeshuhudiwa na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Unaonekana mzito.

Mkataba unathibitisha jambo moja: kwamba Juma alimpa Asha gari na Asha akampa Juma hela. Hauthibitishi kwamba gari lilikuwa la Juma. Wakili anashuhudia watu wawili wakisaini mbele yake. Kazi hiyo peke yake haimaanishi amekwenda TRA kuangalia mmiliki ni nani.

Na sheria ya mauzo ya bidhaa hapa kwetu ina kanuni ya msingi: kwa kawaida huwezi kumpa mtu haki usiyokuwa nayo. Kama aliyekuuzia hakuwa mmiliki na hakutumwa na mmiliki, hata ukiwa na mikataba kumi, mwenye gari akijitokeza ana haki ya kulidai. Wewe unabaki na haki ya kumdai aliyekuuzia. Yule ambaye simu yake sasa haipatikani.

Upande wa jinai ni mkali zaidi. Kanuni ya Adhabu haimbani tu anayepokea mali ya wizi huku akijua. Inambana pia aliyekuwa na sababu ya kuamini kwamba ni ya wizi. Sasa jiulize: gari la milioni 4 kuuzwa 2.8, bila kadi, na muuzaji hataki mwende TRA. Mpelelezi akikuuliza "hukushtuka?", utajibu nini?

KADI IPO, ILA JINA SIYO LAKE

Hii ndiyo hali ya kawaida kabisa kwa gari za namba A na B. Muuzaji ana kadi halisi mkononi, ila jina ni la mtu wa tatu au wa nne nyuma yake. Kila aliyenunua alikwepa gharama za kuhamisha, akampasia mwenzake kadi na mkataba.

Ni afadhali kuliko kutokuwa na kadi, lakini usijidanganye. TRA watataka kuona mnyororo wa mauzo kutoka kwa mwenye jina hadi kwako. Kama kiungo kimoja hakina mkataba, inabidi mumtafute mtu huyo. Labda amehama mkoa, labda amefariki, labda amesikia mnamhitaji na sasa naye anataka "hela ya soda" ambayo siyo ya soda.

Na kuna upande wa pili: mwenye jina naye yuko hatarini. Gari likigonga mtu na dereva akakimbia, polisi wanaanza na jina lililopo kwenye usajili. Kama uliwahi kuuza gari lako kwa kadi mkononi bila kuhamisha, hii inakuhusu.

GHARAMA ZINAZOKUJA NYUMA

Tuseme una bahati, gari siyo la wizi na hakuna anayelidai. Bado kutokuwa na kadi kunakula hela yako taratibu.

Bima. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria, na unaweza kuipata. Shida inakuja siku ya kudai. Ukiwa na bima kubwa na gari likaharibika kabisa au likaibwa, kampuni ya bima kwa kawaida inataka kadi halisi kabla ya kukulipa. Umelipa bima mwaka mzima, siku ya tukio unaambiwa lete kadi.

Mkopo. Gari ni dhamana kwa mwenye kadi. Kwako wewe ni chombo cha usafiri tu.

Biashara. Ukitaka kulisajili kwenye teksi mtandao au kuomba leseni ya usafirishaji, nyaraka za gari zitaulizwa. Kwa hiyo lile wazo la "litajilipa lenyewe" linaweza kuishia hapo hapo.

Kuuza. Siku umechoka nalo, utalazimika kuandika tangazo lilelile: "kadi imepotea ila". Utakubali bei ya chini kama uliyemnunulia, na wewe sasa ndiye muuzaji anayeweza kuitwa polisi.

Madeni. Faini za barabarani zinafuata namba ya gari. Kosa moja ni Sh30,000, na gari lililozunguka bila mwenyewe kujulikana linaweza kuwa na makosa mengi yamelala kwenye mfumo. Ushuru wa maegesho nao ni hivyohivyo.

Ukiambiwa lakini kwamba gari lina deni la leseni ya barabara la miaka na miaka, uliza vizuri. Ada ile ya kila mwaka ilifutwa kuanzia Julai 2017 na sasa inakatwa kwenye mafuta.

PIGA HESABU HII

Kuhamisha umiliki wa gari kunaonekana gharama, lakini hesabu yenyewe siyo ya kutisha. Ada ya kuhamisha ni Sh50,000 kwa gari (pikipiki ni Sh27,000). Kadi mpya Sh10,000. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya thamani.

Kwa gari la milioni 4, kama TRA wataikubali bei hiyo kuwa thamani halali, stempu ni Sh40,000. Jumla Sh100,000.

Viwango hivi huweza kuguswa kwenye bajeti ya kila mwaka, kwa hiyo thibitisha TRA kabla hujalipa. Ila picha unaipata. Laki moja ndiyo inayotenganisha gari lako na gari ambalo unalitunzia mtu mwingine.

KABLA HUJATOA HATA MIA, KAGUA HIVI

• Soma namba ya chasisi kwenye gari lenyewe. Siyo kwenye karatasi. Gari nyingi za Japan zina kibati ndani ya boneti na namba iliyochongwa kwenye bodi. Kwa gari za soko la Japan namba hiyo huanza na kodi ya modeli. Corolla 110 ya sisi1500 huanza na AE110, halafu namba nyingine. Ukiona bodi ya 110 ina chasisi inayoanza na NZE121, hayo ni magari mawili yaliyokutanishwa.

• Pitisha kidole. Namba iliyochongwa kiwandani imekaa sawasawa. Ukihisi mashimo, rangi mpya sehemu hiyo tu, au alama za kuchomelea, ondoka.

• Linganisha injini. Gari za zamani hubadilishwa injini, na siyo dhambi. Lakini TRA wanatakiwa kujulishwa ili kumbukumbu zirekebishwe. Muulize muuzaji nyaraka za injini iliyomo.

• Nendeni TRA pamoja. Hiki ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote. Mwambie muuzaji: "Kaka, twende TRA tukaangalie usajili, nauli natoa mimi." Mtu mwenye gari lake hana sababu ya kukataa. Akianza "mimi niko bize, wewe tuma hela ya kishika uchumba", jibu umelipata.

• Pita polisi. Waombe waangalie namba ya chasisi kwenye kumbukumbu za magari yaliyoibwa. Interpol nao wana orodha ya kimataifa ya magari ya wizi, ambayo polisi wa nchi wanachama, Tanzania ikiwemo, wanaweza kuitumia. Kama gari lilisajiliwa Kenya, rekodi zake ziko NTSA, na nyaraka yenyewe kule inaitwa logbook.

• Angalia faini na bima kwa simu. Mfumo wa polisi wa makosa ya barabarani na ule wa TIRA wa kuhakiki bima unavipata kwenye intaneti ukiwa na namba ya gari. Dakika tano tu.

• Linganisha sura na jina. Kitambulisho cha NIDA cha anayekuuzia kifanane na jina lililopo kwenye usajili. Kama hakifanani, uliza karatasi inayoeleza kwa nini: mkataba wa awali, barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, au hati ya uwakilishi.

KAMA KADI IMEPOTEA KWELI

Habari njema ni kwamba kadi iliyopotea inatolewa upya. Mwenye gari anatoa taarifa polisi na kupata ripoti ya upotevu, kisha anaipeleka TRA na kuomba kadi nyingine kwa kufuata taratibu zao.

Angalia neno hilo: mwenye gari. Siyo wewe. TRA wanashughulika na mtu aliyepo kwenye mfumo wao. Ndiyo maana ahadi ya "nunua kwanza, kadi utafuatilia mwenyewe, ni rahisi" haina kichwa wala miguu. Kama ni rahisi hivyo, mbona hajafuatilia yeye na akauza kwa milioni 4?

Kwa hiyo jibu zuri la kumpa ni hili: "Gari nimelipenda. Fuatilia kadi, ikitoka nipigie, hela ipo." Kama ni mkweli, amepata mteja na sababu ya kwenda TRA. Kama siyo mkweli, atakuambia kuna mtu mwingine anakuja na hela jioni. Mwache huyo mtu aje.

Hata hivyo kadi mpya peke yake isikulaze. Yule aliyeweka kadi ya kwanza rehani naye anaweza kuripoti kwamba imepotea akachukua ya pili. Ndiyo maana kwenye mkataba muuzaji aandike kwamba gari halina mkopo wala dhamana yoyote, na kwamba likidaiwa na mtu atarudisha hela yote. Uulize pia kama kuna kifaa cha GPS kimefungwa. Wakopeshaji wengi hukifunga, na fundi umeme wa magari anaweza kukitafuta.

Ukifika kwenye kulipa, lipa kwa benki au kwa simu ili ibaki kumbukumbu, kwenda kwa jina lilelile la kwenye kadi. Malizia hela kubwa siku mnayofanya uhamisho, siyo kabla.

"MIMI NATAKA VIPURI TU"

Kuna wanaosema gari bovu lisilo na kadi halina shida kwa sababu wanalikata vipuri. Kisheria, hoja ya wizi haibadiliki. Injini na bodi ya gari la wizi bado ni mali ya wizi, hata ukiviuza kimoja kimoja. Angalau andikishaneni mkataba wenye namba ya chasisi, namba ya injini na kitambulisho cha muuzaji, na mpite polisi kwanza.

UMESHANUNUA?

Usihamaki, na usikimbilie kumuuzia mwingine. Hapo ndipo mtu aliyetapeliwa anapogeuka kuwa mtuhumiwa.

Kusanya ulivyonavyo: mkataba, risiti za malipo, meseji za WhatsApp, picha za tangazo. Mtafute muuzaji ukiwa bado una namba yake, umtake mwende TRA. Kama ni suala la mirathi, zungumza na familia kuhusu kufungua shauri Mahakama ya Mwanzo ili msimamizi apatikane na asaini mauzo. Kama muuzaji amepotea au unaona kuna harufu ya wizi, nenda polisi wewe mwenyewe na nyaraka zako, ikiwezekana na wakili. Aliyekwenda kutoa taarifa na aliyekamatwa barabarani hawaangaliwi sawa.

Na kama ndiyo kwanza tangazo liko wazi kwenye simu yako sasa hivi, usimuulize muuzaji bei ya mwisho. Muulize kwanza: "Kadi ina jina la nani, na lini tunaweza kwenda TRA?"